Nyumba Yangu, Ardhi ya Gavana: Matoleo na Pango la Kiwanja katika Dodoma ya Wakoloni

Bibi mdogo alipofariki, ugomvi wa kiwanja cha mtaa wa Majengo, Dodoma, ulianza kabla ya arobaini. Baba mkubwa alikuja kwenye kikao cha ukoo na mkebe wa bati wenye kutu, akatoa bunda la stakabadhi lililofungwa kwa uzi mweusi, akaliweka katikati ya jamvi. "Tumelipa tangu enzi za Mwingereza," akasema. "Baba yetu ndiye aliyelipa, kwa hiyo kiwanja ni cha baba, na sisi wote ni watoto wake." Shangazi, binti wa marehemu, akamjibu kwamba mama yake ndiye aliyeishi pale miaka yote na kuiezeka nyumba ile upya mara mbili. Pande zote mbili zikauchukua mkebe uleule kuwa shahidi wao. Mimi nikapewa kazi ya kusoma, kwa kuwa mwandiko wa makarani wa zamani haunisumbui.

Nilisoma kwa siku tatu. Kwanza niliona kwamba zile hazikuwa stakabadhi za aina moja. Kisha nikaona jambo ambalo lilinichukua muda zaidi kulikubali: hakuna hata moja iliyosema kwamba kiwanja ni chetu. Ili kuelewa kwa nini, ilinibidi nirudi nyuma mpaka kabla ya reli kufika Dodoma, na nilichokipata huko ndicho ninachokieleza hapa, kwa ajili ya yeyote mwenye mkebe kama ule nyumbani kwao.

Zamani aliyelipa alikuwa mpita njia

Ugogo ilikuwa nchi yenye wenyewe muda mrefu kabla ya mzungu wa kwanza kuweka kambi. Kila nchi ndogo ilikuwa na mtemi wake, mshika mawe ya mvua na kiongozi wa matambiko. Mgeni aliyetaka kuhamia aliomba, akaonyeshwa mahali, akafyeka, akajenga tembe, akalima uwele na mtama. Alichokifyeka kilikuwa chake maadamu anakitumia. Malisho na maji vilikuwa vya wote waliokaa pale. Mvua zikikosekana, familia iliswaga ng'ombe wake kwenda kwa jamaa wa mbali, na kuondoka huko hakukuwa na maana kwamba wameitupa nchi yao. Utajiri wa mtu ulihesabiwa zizini. Mkazi alichangia matambiko ya mvua, lakini hakumlipa mtu yeyote kila mwaka ili aruhusiwe kuendelea kusimama pale alipozaliwa.

Waliolipa walikuwa wengine. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, nchi kame ambako msafara haukuweza kupita bila kupewa maji na chakula. Watemi walitoza hongo: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 walilalamika sana juu ya hongo ya Wagogo, wakaiona kuwa unyang'anyi. Kwa Mgogo ilikuwa haki ya mwenyeji. Anayepita katika nchi ya watu hulipa, naye anayeishi humo halipi.

Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu ukoloni uliligeuza juu chini. Ndani ya miaka isiyozidi thelathini, mwenyeji wa Dodoma akawa ndiye anayelipa ili abaki, kama vile yeye ndiye aliyekuwa njiani.

Ardhi "isiyo na mwenyewe"

Tarehe 26 Novemba 1895, Dola ya Ujerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Ziliachwa nje sehemu ambazo mtu binafsi, mtawala wa kienyeji au jamii ya wenyeji angeweza kuthibitisha kuwa ni zake. Ukiisoma haraka, amri hiyo inaonekana ya haki: chenu ni chenu, kilichobaki ni cha serikali. Mtego umo katika neno kuthibitisha. Mwenye kuhukumu kama umethibitisha ni yuleyule anayeitaka ardhi, naye anataka alama anazozifahamu yeye, yaani shamba lililolimwa, nyumba iliyosimama, mpaka unaoonekana kwa macho.

Wajerumani waliweka utaratibu kwamba ardhi ikitwaliwa, wenyeji waachiwe eneo la mara nne ya lile wanalolima. Kwa watu wa migomba, waliojazana kwenye kilima kimoja, huenda kipimo hicho kilionekana kikubwa. Kwa Mgogo kilikuwa kipimo cha vipofu. Kilihesabu alipopita jembe, kikaacha alipopita ng'ombe. Mbuga ya malisho ya kiangazi, au mahame ambayo wenyewe walikuwa wameyaacha kwa muda tu kwa sababu ya ukame, vyote vilionekana kuwa pori tupu.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Dodoma 1910. Kabla ya hapo vituo vya utawala katika sehemu hizi vilikuwa Mpwapwa na Kilimatinde. Stesheni ndiyo iliyoifanya Dodoma kuwa mji, na mji ukataka viwanja: vya maghala ya ngozi na nafaka, vya maduka, vya nyumba za maofisa. Serikali ya Kijerumani ikiuza ardhi iliyokwisha kuiita yake, mnunuzi aliandikwa katika daftari la ardhi na kupata umiliki kamili usio na kikomo cha miaka. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza katika mkanganyiko wetu. Aliyeishika hakudaiwa pango, kwa sababu ardhi ilikuwa yake.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua zilipokosekana ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Watu walikufa kwa wingi, wengine wakatawanyika. Mara nyingi historia ya ardhi ya mji huu husimuliwa bila kuitaja njaa hiyo, nami naona ni kosa. Sheria iliyofuata iliandikwa wakati nchi ina mahame mengi kuliko kawaida yake, na macho ya mpimaji huhesabu anachokiona siku aliyofika.

Sheria ya mwaka 1923

Waingereza hawakuichukua Tanganyika kuwa koloni la kawaida. Walipewa kuitawala kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na Ibara ya 6 ya hati ya dhamana iliwataka wazingatie sheria na mila za wenyeji wanapotunga sheria za ardhi, na wasiruhusu ardhi ya mwenyeji kwenda kwa asiye mwenyeji bila idhini ya mamlaka. Mwaka 1923 wakatunga Sheria ya Ardhi, wakiiga mfano wa Nigeria ya Kaskazini. Ilitangaza kwamba ardhi yote, inayokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma chini ya udhibiti wa Gavana, isipokuwa ile ambayo hati zake za zamani zilitambuliwa.

Tazama tofauti. Mjerumani alisema ni yake ile isiyo na mwenyewe. Mwingereza aliiweka yote chini ya mkono wake, kisha akaahidi kuitumia kwa faida ya wenyeji. Kuanzia hapo, serikali haikuuza tena ardhi. Ilitoa haki ya kuikalia kwa muda maalumu usiozidi miaka 99, na kwa viwanja vya mjini muda wa miaka 33 ulizoeleka. Hilo ndilo toleo, karatasi ya pili.

Na mwenyeji ambaye hakupewa toleo na mtu, aliyezaliwa palepale? Sheria ya 1923 ilimwacha njiapanda. Mwaka 1928 ilirekebishwa ili haki ya kukalia ardhi ihusishe pia haki ya mwenyeji au jamii ya wenyeji wanaoitumia ardhi kwa mila zao. Kwa lugha rahisi, alihesabiwa kana kwamba amepewa. Hiyo ni karatasi ya tatu, ingawa kwa kweli haikuwa karatasi: ilikuwa haki iliyokaa katika sentensi moja ya sheria, bila hati, bila ramani, bila jina lake popote. Huko kijijini ilitosha, kwa kuwa majirani walimjua. Mjini, alipokutana na mtu mwenye ramani yenye muhuri, haikutosha.

Hapo ndipo migogoro mingi ya viunga vya mji ilipoanzia. Mpaka wa mji ulitangazwa kwa tangazo la serikali. Jana tembe lako lilikuwa kijijini, leo liko ndani ya mji, nawe hujasogea hata hatua moja. Je, haki yako ya mila imeingia nawe mjini, au imebaki nje ya mpaka? Maofisa wa kikoloni waliegemea jibu la pili: ndani ya mji ni viwanja vilivyopimwa na kutolewa, na aliyekutwa humo bila toleo yuko kwa hisani. Swali hilo halikufa na ukoloni. Liliendelea kubishaniwa mpaka kwenye mahakama za juu za Tanzania huru, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika kesi ya ardhi ya kijijini, ikatamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Kutoka 1928 hadi hapo ni miaka 66, yaani matoleo mawili ya miaka 33.

Malipo matatu yaliyochanganywa kuwa moja

Turudi kwenye mkebe. Watu wa mji wa kikoloni walilipa vitu vingi, na kwa Kiswahili vyote viliitwa kodi. Ndiyo maana stakabadhi zinapotosha.

Kulikuwa na kodi ya kichwa na kibanda. Wajerumani waliianza mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza wakaiendeleza. Hiyo ilimfuata mtu popote alipo na haikuhusu kabisa nani ana kiwanja. Kulikuwa na kodi ya nyumba za mjini, iliyotazama jengo. Na kulikuwa na pango la kiwanja, lililolipwa kila mwaka kwa ajili ya ardhi tupu. Katika bunda letu, zaidi ya nusu zilikuwa za kichwa. Babu alikuwa amezitunza kwa uangalifu mkubwa kwa sababu enzi zile askari angeweza kukusimamisha njiani na kukudai stakabadhi. Zilimkinga na pingu. Baba mkubwa alizishika akidhani zinakinga kiwanja.

Pango lenyewe linahitaji maelezo zaidi, maana ndilo lililozaa ugomvi wa wenye fedha. Serikali ilipotoa kiwanja cha biashara, ilidai vitu vitatu. Kwanza kiingilio, kinacholipwa mara moja wakati wa kuchukua. Pili pango la kila mwaka. Tatu masharti ya uendelezaji: ujenge jengo la thamani fulani, kwa vifaa fulani, ndani ya muda fulani. Ukishindwa lolote kati ya hayo, toleo lingeweza kufutwa. Pango na kiingilio hupanda na kushuka kama mizani: anayetoza kiingilio kidogo anaweza kutoza pango kubwa na akafika palepale. Kwa mfanyabiashara asiye na mtaji mkubwa, pango kubwa lilimwezesha kuanza, lakini lilimfunga kwa miaka mingi. Ulipofika mdororo wa uchumi wa dunia uliolipuka mwaka 1929, bei za mazao zikaporomoka, na mwenye toleo alilolichukua siku za neema akabaki akidaiwa kiasi kilekile kwa duka lisilo na wateja.

Sasa chukua maduka mawili yaliyopakana kwenye mtaa mmoja wa Uhindini. La kwanza limesimama juu ya ardhi iliyouzwa na Wajerumani. Baada ya vita, mali za Wajerumani katika Tanganyika zilishikwa kama mali za adui, zikauzwa, na Wahindi na Wagiriki wakawa miongoni mwa wanunuzi. Aliyenunua ardhi ya namna hiyo alinunua pamoja na umiliki wake kamili, basi hana pango wala kikomo. La pili limejengwa juu ya toleo la Mwingereza la mwaka 1928 kwa miaka 33: linalipa pango kila mwaka, na mwaka 1961 haki inakwisha. Wenye maduka wote wanauza khanga na mafuta ya taa kwa wateja walewale, wanatumia barabara ileile. Mmoja analipa serikali kwa ajili ya ardhi, mwingine halipi. Ukimuuliza wa pili kwa nini ananung'unika, atakuonyesha ukuta wa jirani.

Na mwaka 1961 ukifika, jengo linakuwa la nani? Kwa sheria ya Kiingereza, kilichoshikamana na ardhi hufuata ardhi. Kama toleo halikuhuishwa, duka lingerudi kwa serikali pamoja na udongo wake. Ndiyo maana miaka ya mwisho ya toleo huwa miaka ya kuta kubanduka rangi, kwa kuwa hakuna anayetia saruji kwenye kitu asichojua kama atakuwa nacho kesho.

Nyumba ni yangu, kiwanja si changu

Kanuni za miji ziligawa mji katika kanda tatu kwa viwango vya ujenzi. Kanda ya kwanza ilitaka nyumba za mtindo wa Kizungu kwenye viwanja vikubwa vyenye miti. Ya pili ilitaka majengo ya kudumu ya biashara na makazi. Ya tatu iliruhusu nyumba za miti na udongo. Hazikulazimika kutaja rangi ya mtu. Bei ya saruji na ukubwa wa kiwanja vilitosha kumpanga kila mmoja mahali pake, na majina ya Uzunguni na Uhindini yaliyobaki midomoni mwa watu yanasema lile ambalo kanuni zilinyamazia.

Katika kanda ya tatu, Mwafrika mara nyingi alikaa kwa ruhusa ya muda mfupi isiyosajiliwa kama hati. Alilipa pango dogo, akapewa stakabadhi, akajenga. Aliagizwa ajenge nyumba ya vifaa hafifu kwa kuwa muda wake ni mfupi, kisha akaambiwa hawezi kupewa muda mrefu kwa kuwa nyumba yake ni ya vifaa hafifu. Sijaona sehemu ya mfumo ule iliyonikera kuliko hii. Haikuhitaji ofisa katili. Ofisa mpole aliyefuata kanuni angefika palepale.

Lakini watu hawakujiona wageni. Walikuwa na ufahamu wao wa umiliki, na ulikuwa na mizizi. Katika mazoea ya Pwani, yaliyosafiri na Waswahili hadi miji ya bara, mnazi unaweza kuwa wa huyu na ardhi iliyo chini yake ya yule. Nyumba nayo ni hivyo hivyo: kuta, milango, paa ni mali ya aliyejenga, na anaweza kuiuza, kuiweka wakfu au kuirithisha, hata kama kiwanja ni cha mwingine. Kwa fikra hiyo, mtu wa Majengo alisema bila kusita "nyumba yangu", akapangisha vyumba, akagawa mirathi kwa mafungu ya Kiislamu. Aliponunua mwingine, waliandikiana kwamba imeuzwa nyumba. Kiwanja hakikutajwa, au kilitajwa kwa kupita tu, na mnunuzi akaenda kubadilisha jina kwenye daftari la malipo.

Basi mji ukawa na sheria mbili juu ya ukuta mmoja. Kwa watu wa mtaa, jengo lina mwenyewe na ardhi ina mwenyewe mwingine, na hakuna tatizo. Kwa sheria ya Serikali, jengo limeungana na ardhi, na ardhi ni ya umma. Siku za kawaida sheria hizo mbili hazikugombana. Ziligombana pale serikali ilipotaka kupanua barabara, soko au stesheni. Hapo mwenye nyumba alilipwa kwa ajili ya jengo na miti yake, yaani kile alichokiongeza juu ya ardhi. Ardhi tupu haikuwa na bei kwake, ingawa jirani yake wa Uhindini alikuwa akitozwa pango kwa ardhi hiyohiyo tupu. Ilikuwa na thamani serikali ilipokusanya, na haikuwa nayo ilipolipa. Fikra hiyo ilikaa katika sheria zetu hadi Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipoandika waziwazi kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na fidia izingatie hilo.

Kulikuwa na kizuizi kingine. Ardhi ya mwenyeji haikuweza kwenda kwa asiye mwenyeji bila idhini, na sheria ya mwaka 1931 ilizuia mkopeshaji asiye mwenyeji kudai mahakamani deni la mwenyeji kama halikuidhinishwa. Nia iliyotajwa ni kumlinda Mwafrika asinyang'anywe kwa madeni, na sipuuzi nia hiyo. Mikoani wakulima wengi walikuwa wamefungwa na madeni ya dukani. Lakini matokeo mjini ni kwamba nyumba ya Mwafrika haikuweza kuwa dhamana ya mkopo. Mhindi mwenye toleo la miaka 33 aliweza kulipeleka kama rehani. Mwafrika alikuwa na stakabadhi ya mwaka. Baada ya kizazi kimoja, ghorofa moja ilikuwa imesimama upande huu wa mji na nyumba ya udongo upande ule, na watu wakaanza kusema kwamba hawa wanajua biashara na hawa hawajui.

Kongwa, kwa ufupi

Anayetaka kuona nguvu ya maneno "ardhi ya umma" nje ya mji atazame Kongwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, matrekta yakaletwa, tawi la reli likajengwa, na vichaka vya Ugogo vikang'olewa kwa minyororo. Kulikuwa na wafugaji, kulikuwa na njia za mifugo. Mvua na udongo mgumu viliushinda mpango, nao ukafungwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Ardhi iliyotengwa haikurudi yote kwa waliokuwa wakichungia humo. Sehemu yake iliendelea kuwa mashamba ya mifugo ya taasisi. Mpango ulikufa, na mpaka uliochorwa kwa ajili yake ukabaki.

Gavana anaondoka, toleo linabaki

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipendekeza kuwaruhusu Waafrika wamiliki ardhi moja kwa moja, bila kikomo. Mwalimu Nyerere alipinga kwa hoja kwamba ardhi ikiwa bidhaa ya kuuzwa, wenye fedha wachache wataimaliza na wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru hoja hiyo ikawa sheria. Mwaka 1963 umiliki kamili uliorithiwa ukageuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo. Mwaka 1969 ukageuzwa tena, ukawa haki ya kukalia ardhi kama zile nyingine. Yule mwenye duka la kwanza la Uhindini, asiyewahi kulipa, sasa akawa sawa na jirani yake. Mwaka 1971 sheria nyingine ikatwaa majengo mengi ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba.

Karatasi ya Mjerumani ikafutika hivyo. Ya Mwingereza ndiyo iliyobaki, na neno Gavana likapisha neno Rais. Ninaamini Nyerere alikuwa sahihi kuhusu hatari aliyoiona. Hata hivyo, dhamana iliyoandikwa kwa ajili ya mtawala wa kigeni ilipokewa na mtawala wa nyumbani pamoja na madaraka yake karibu yote, na mwananchi wa kanda ya tatu akabaki na stakabadhi yake.

Dodoma ililionja hilo kuliko miji mingine. Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie hapa, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Ardhi ya mji iliwekwa mikononi mwake, nayo ikawakodisha wananchi kwa miaka 33. Kwa hiyo mkazi wa Dodoma hakuwa na toleo la moja kwa moja kutoka kwa serikali kama mkazi wa Mwanza au Tanga. Alikuwa mpangaji wa mamlaka, na muda wake ulikuwa uleule wa viwanja vya biashara vya kikoloni. Aliyepewa mwaka 1984 alifika ukingoni mwaka 2017, na mwaka huohuo, tarehe 15 Mei, Rais John Magufuli aliivunja CDA, akaagiza hati za miaka 33 zigeuzwe kuwa za miaka 99. Hadi leo pango la ardhi na kodi ya jengo ni malipo mawili tofauti. Anayelipa kodi ya jengo kupitia umeme wa LUKU asidhani amemaliza pango la ardhi. Pango lisipolipwa, haki ya ardhi inaweza kubatilishwa.

Bunda la tatu

Siku ya nne nilirudi kwenye kikao na mabunda matatu badala ya moja. La kwanza, la kodi ya kichwa, lilikuwa na jina la babu kila mahali. Baba mkubwa alifurahi mpaka nilipomweleza kwamba lingekuwa vilevile hata kama babu angekaa Mpwapwa. La pili, la kodi ya nyumba, lilikuwa na karatasi chache tu, majina yamefutika.

La tatu lilikuwa la pango la kiwanja. Nilieleza kwamba anayelipa pango anakiri kuwa ardhi ni ya mwingine, na kwa hiyo hakuna aliyetuachia ardhi ya kugombea, si babu wala mtu mwingine. Kilichokuwapo ni nafasi ya kukaa na nyumba iliyojengwa juu yake. Lakini ofisi ilitoza pango kwa jina la yule iliyemtambua kuwa ndiye aliyepewa nafasi, na jina hilo halikuwa la babu. Tangu stakabadhi ya zamani kabisa, mwandiko wa karani umeandika jina la bibi mdogo, kwa jina la baba yake, kabla hajaolewa na babu.

Shangazi aliomba aione. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaisoma kwa sauti, kisha akampa baba mkubwa naye aisome.